Kopo Kutoka Kendu Bay

Mwezi uliopita mke wangu alinipakulia ugali kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Tulikuwa Kendu Bay, nyumbani kwa dada yake Dorka, wazee kumi na wawili tumeketi kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, kila mmoja anaongea na hakuna anayesikiliza. Akinyi akashika mwiko kwa mkono ule ule uliopooza miaka sita iliyopita, akamega ugali, akauweka kwenye sahani yangu, kisha akaendelea kumsema jirani wa utotoni ambaye simjui. Machozi yalinilenga. Nikajifanya nimepaliwa na maji. "Kunywa polepole, shemeji," Dorka akasema, "hapa hakuna anayekufukuza." Nikacheka nao, maana ningefanya nini? Lakini tangu siku hiyo ule mwaka umenirudia, nami nimeona heri niuandike kabla watoto hawajaanza kuusimulia vibaya.

Wengine wakieleza maisha yao husema habari za mwaka walioingia shule au mwaka walioajiriwa. Mwaka ulionifunza mimi ulinikuta nina miaka sitini na tisa, meno mawili yamekwenda, na ninaamini kwamba hakuna jipya la kuniambia. Nilikuwa dereva wa lori. Nimebeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Homa Bay na mahindi kutoka Ntimaru, nimekula katika kila hoteli ya barabarani kati ya Isebania na Nakuru, na sikuwahi hata siku moja kuuliza kilichomo ndani ya sufuria. Chakula kilikuja, nikala, nikafuta mdomo, nikawasha gari. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Jiko letu pale Isebania ni chumba cha mabati nyuma ya nyumba, hatua kumi na tano kutoka kwenye kiti changu, na kwa miaka arobaini na mmoja ya ndoa sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Kwetu Wakuria mwanamume aliyetoka jandoni hana shughuli karibu na mafiga. Sikuiona kama kasoro. Niliiona kama heshima, na ukinipinga ningekueleza hivyo mpaka uchoke.

Akinyi alikuwa na presha tangu mwaka uliotangulia. Kliniki walimpa dawa na kumwambia aache chumvi. Nilikuwapo, na mimi ndiye niliyeongea, kwa sababu siku zote mimi ndiye niliyeongea. Yeye ni Mjaluo wa Kendu Bay, Kiswahili chake ni cha sokoni, kifupi, na mbele ya watu wa makoti meupe alikuwa akinyamaza na kuangalia viatu vyake. Changu kilikuwa cha barabarani, hakina breki. Tuliporudi nyumbani nikamwambia alete pakiti ya chumvi. Akaileta. Nikaimwaga chooni mbele ya wajukuu, nikatoa hotuba juu ya afya ya wazee, nikanawa mikono. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza nilijibu kwa kifua mbele: kwangu chumvi haiingii. Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sikusema uongo.

Basi Januari ile, asubuhi, alikuwa akinimiminia chai, kikombe kikamtoka. Akakitazama pale chini kana kwamba si chake. Akataka kusema kitu, mdomo ukaenda upande. Tulimkimbiza hospitali ya Migori, akalazwa siku sita. Daktari wa pale, kijana mpole, alinitoa nje ya wodi na kuniambia bila kuzungukazunguka: "Mzee, hii ilikuwa kiharusi kidogo. Ulimi umerudi, mkono tutauona. Lakini presha iko juu sana, na ikibaki hapo, kingine kitakuja. Hicho kinaweza kuchukua ulimi wote, au kimchukue yeye mwenyewe." Akaniuliza kama anameza dawa. Nikamwambia anameza kila asubuhi, mimi nikiangalia. Akaniuliza habari ya chumvi. "Daktari," nikasema, "hata punje." Akaandika. Akinyi alikuwa amelala mle ndani, macho wazi, anatusikia kupitia mlangoni, na hakuna kati yetu aliyefikiria kumuuliza yeye.

Mke wa mwanangu Chacha alikuja kutoka Nairobi akatupikia wiki mbili, akarudi kazini kwake. Nikabaki na mke wa mkono mmoja. Siku ya kwanza nilinunua chapati na mchuzi hotelini. Akinyi akaonja, akasukuma sahani. "Hii ina chumvi, Baba Chacha. Umesahau tuliambiwa nini?" Nyinyi mnaosoma, mwoneni huyo mwanamke. Alikuwa mtiifu kuliko mgonjwa yeyote wa kliniki ile. Njaa ikatuuma siku mbili, na siku ya tatu nikavuka kizingiti. Ndani kulikuwa na giza la masizi, mafiga matatu, ungo ukutani, na kigoda kidogo kilicholika katikati kwa kukaliwa. Nikamletea godoro mlangoni, akajilaza ubavu akiniongoza kwa mkono wa kushoto.

"Washa moto kwanza."

"Nimewasha."

"Huo ni moshi. Nimesema moto."

Rafiki yangu Marwa, tuliyetahiriwa naye, alipita njiani akaniona nimeinama napuliza makaa, machozi yananitoka. Alisimama pale muda mrefu. "Mwita," akasema, "nikusaidie kufunga leso?" Ikawa habari ya soko zima. Wiki hiyo niliungua vidole vitatu na ugali wangu wa kwanza ulikuwa wa kunywa. Lakini Akinyi aliula, na alipomaliza alisema umeiva upande mmoja, ambayo kwake ilikuwa sifa. Sikuwahi kujua kwamba mke wangu ana mzaha mkali hivyo. Miaka yote ile mzaha wake uliishia jikoni.

Siku ya mrenda, ile mboga ya kuteleza, ndiyo ilinivunja. Nilikuwa nimechambua majani, maji yanachemka, nikajiona fundi. "Sasa teremsha lile kopo," akasema, akionyesha rafu kwa kidevu. Lilikuwa kopo la zamani la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa nailoni. Ndani kulikuwa na vijiwe vyepesi, vyeupe vyenye rangi ya majivu, vinavyovunjika ukivibana. Akaniambia nitie mkono mmoja uliojaa. Nikauliza ni nini. "Bala," akasema. Magadi. Hukwanguliwa kando ya Simbi, lile ziwa dogo la maji makali karibu na kwao, na Dorka humtumia kila kopo likikaribia kuisha, tangu alipoolewa. Bila bala mrenda hauivi kama mrenda, na mboga chungu hazilainiki.

"Mkono mzima?"

"Zamani nilitia kidogo. Tangu utupe chumvi, chakula hakina ladha. Nikaongeza."

Nikachukua kijiwe nikakilamba. Kilikuwa na ukali wa sabuni, na nyuma yake chumvi tupu. Nikamwambia: "Mama Chacha, hii ina chumvi." Akaniangalia kwa huruma, jinsi unavyomwangalia mtu aliyeingia jikoni wiki iliyopita. "Hiyo si chumvi. Chumvi ni ile ya dukani, ya pakiti, wanayoitia madawa. Hii inatoka ardhini. Mama alitupikia nayo tangu hatujaota meno. Daktari alisema chumvi, hakusema bala." Nilisimama pale na mwiko mkononi, mrenda unafurika na kuzima moto. Daktari kweli hakusema bala. Nami ndiye niliyekuwa nikimjibu daktari.

Kesho yake nilipeleka kopo lile kliniki ya Isebania, kwa muuguzi aliyekuwa akimwangalia Akinyi kila mwezi, binti wa Kikuria tuliyemwita Sista Robi. Akalifungua, akanusa, akaweka punje kwenye ulimi.

"Mzee, anakula hii siku gani?"

"Siku za mboga."

"Na mboga ni siku gani?"

"Kila siku."

Akafunga kopo taratibu. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza chumvi."

"Nami nilikujibu chumvi."

Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo si ya kazini, kwamba bibi yake kule Ntimaru hutia magadi kwenye mboga, na yeye amezila tangu utotoni, na katika miaka yote ya kupima wazee hajawahi kumuuliza hata mmoja. Akanieleza kwa maneno ninayoyaelewa. Kile kitu ndani ya chumvi kinachopandisha presha kimo vilevile ndani ya magadi, na mwili haujali kimetoka dukani au ardhini. Dawa aendelee kumeza bila kuruka siku, lakini dawa na bala vinavutana kamba, na bala ilikuwa na watu wengi upande wake. Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje. Niliona aibu ambayo sijaiona tena. Si kwa kutojua, maana kutojua hakumuui mtu kwa aibu. Niliona aibu kwa sababu nilikuwa nimelisemea jiko nisilolijua, mwaka mzima, huku mwenye jiko ameketi kando yangu anaangalia viatu vyake.

Kumwambia Akinyi haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kumlisha. Alikubali kwa mdomo, kisha akaacha kula. Mboga nilizopika zilirudi vilevile. Alikonda, mashavu yakaingia, na mkono ambao ulikuwa umeanza kufumba vidole ukalegea tena. Sista Robi alinifundisha kutia limau, vitunguu saumu, nyanya nyingi, maziwa, njugu za kusaga. Nilifanya yote. Alionja kijiko kimoja kwa adabu. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya jiko nanoa kisu nikasikia anaongea na Dorka, simu iko kwenye spika kwa kuwa mkono haushiki. Waliongea Kijaluo, wakidhani sifuati. Nimekaa na Mjaluo miaka arobaini, nafuata mpaka wanachokinyamazia.

"Ananipikia majani ya maji," Akinyi alisema. "Amefunga bala yangu ndani ya sanduku lake la spana. Nitakufa njaa kabla presha haijafika."

"Pole, nyaminwa," Dorka akamjibu, akitumia neno lao la kumwita dada. "Ijumaa natuma kopo kubwa. Lifiche chini ya kitanda, huyo hainami."

Ningependa kusema sikukasirika. Nilikasirika mpaka kisu kikanikata. Lakini nilipokuwa nafunga kidole kwa kitambaa nikaelewa kitu: lile kopo halikuwa dawa wala sumu kwao. Lilikuwa mama yao. Na huwezi kumfungia mtu mama yake kwenye sanduku la spana ukadhani umemsaidia. Basi Alhamisi, kabla kopo halijatumwa, nilimwomba jirani amwangalie Akinyi, nikafunga kwenye mfuko ile mashine ya kupimia presha aliyotununulia Chacha, na nikaenda Kendu Bay.

Dorka ni mkubwa kwa Akinyi, mjane, Msabato wa kweli. Kahawa hagusi, majani ya chai hagusi, samaki asiye na magamba hamtazami. Ukimwuliza nani anajua chakula safi katika ziwa zima, atakuonyesha kifua chake. Alinikaribisha sebuleni, vitambaa vyeupe juu ya makochi, kalenda ya kanisa ukutani, akanipa uji. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Shemeji, mama yetu alikula bala miaka themanini na kitu. Alikufa akitembea. Unataka kuniambia yeye alikosea?"

"Mama yenu alilima tangu jogoo la kwanza mpaka jua la utosini. Sisi tunakaa kwenye viti."

"Na hii ameiumba Mungu. Ile ya pakiti ameiumba nani?"

Hapo alinishinda. Nikainuka, nikamwuliza jikoni ni wapi. Alidhani nataka maji. Nilipomwambia nataka kupika, alishika kifua. Mume wa dada yake, mkwe wa boma hilo, kuinama kwenye mafiga ya wakwe zake! Kwa Wajaluo hilo ni jambo la kuita kikao, na kwa Wakuria la kuita kingine. "Watu watasema nini?" akauliza. Nikamwambia watu walishasema Isebania, hapa wataongezea tu. Nikavua koti. Niliosha omena kwa maji moto mara tatu, nikaikaanga na kitunguu na nyanya, nikaikamulia limau. Majani ya saga, zile mboga chungu, nikayachemsha, nikamwaga maji ya kwanza machungu, nikayatuliza kwa maziwa na njugu. Wanawake wawili wa jirani walikuja kuazima kiberiti, wakakaa. Dorka alisimama mlangoni mikono imefungwa, akinitazama nikikoroga, nami najua sasa alikuwa anatazama nini. Alikuwa anapima mwanamume wa namna gani anaweza kujivunjia heshima hivi kwa ajili ya mdogo wake.

Akaonja. Akatafuna muda mrefu. "Inakosa kitu," akasema. Akaonja tena. "Lakini inaliwa." Kisha akavuta sahani karibu. Baada ya kula, labda kwa kunifurahisha, akanyoosha mkono: "Hebu nifunge hicho kitambaa chako." Nikamfunga. Mashine ikavuma, ikatulia, ikatoa namba kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona kwa Akinyi. Dorka akasema imeharibika. Nikajipima mimi, ikatoa namba zangu za kawaida. Nikawapima wale wa kiberiti, mmoja mzuri, mwingine hapana. Nikamrudia Dorka, zikawa zile zile. Nje kuku walikuwa wanagombana. "Kichwa kinaniuma kila asubuhi," akasema mwishowe. "Nilidhani ni jua." Akaenda chumbani akarudi na kopo kubwa, lile la Ijumaa, limeshafungwa kwa kamba na jina la Akinyi juu yake. Akatoka nalo hadi kwenye hori na kulimwaga mbele ya ng'ombe wake watatu, ambao walifurahi kupita kiasi. Kisha akapiga simu. "Nyaminwa," akasema, "kopo haliji. Kula chakula cha mumeo. Mimi nimekila na niko hai."

Akinyi alikula. Si kwa sababu yangu, wala ya Sista Robi, na sioni vibaya kulisema. Alikula kwa sababu dada yake alisema, na kwa sababu kila jioni walipigiana simu kushindana nani amepika nini bila bala na nani presha yake imeshuka zaidi. Ulimi ulichukua kama miezi miwili kuzoea, kisha siku moja alionja mchuzi wa hotelini akautema, akauliza watu wanakunywaje bahari. Nilimjazia soksi njugu, akawa anaiminya asubuhi na jioni. Mwezi wa tano vidole vilifumba. Mwezi wa nane alishika kijiko. Marwa naye alikuja kuniomba jembe, na kwapani ana kitu kimefungwa kwa gazeti. Akazunguka uwanja mara mbili kabla ya kukifungua. Lilikuwa kopo la magadi la mkewe. "Hebu niambie," akasema bila kunitazama, "hiyo mboga ya maziwa unaanzaje?" Nikamwambia aanze kwa kufunga leso.

Desemba tulirudi kliniki. Sista Robi alipima mara mbili, akaita mwenzake aje aone. Presha ilikuwa imetelemka ikakaa mahali inapotakiwa. Nilihisi nataka kupiga honi. Akinyi alitazama ile namba, akatazama mkono wake, akaufumba na kuufumbua mbele ya yule binti, polepole, kidole kwa kidole. Tulitembea nyumbani kwa miguu, yeye mbele.

Siku hizi Sista Robi hamwulizi mzee yeyote kama anakula chumvi. Huwaambia walete makopo yote ya jikoni, hata yale wanayodhani hayahusiki, na wazee huja kliniki wamebeba mizigo kama wanahama. Mwezi uliopita Dorka alimwalika naye Kendu Bay, akaja bila sare, nusura nisimtambue. Baada ya ugali ule niliousema, aliinuka akapita kiti kwa kiti akiwasalimia wazee, kila mmoja akieleza anakula nini. Alipofika kwetu, kwa mazoea ya zamani mdomo wangu ukafunguka. Nikaufunga. Robi aliona, akatabasamu, akachuchumaa mbele ya mke wangu na kumshika ule mkono wa kulia.

"Mama, jikoni kwako kuna nini siku hizi?"

Akinyi akainua uso, hakuangalia viatu, akajibu kwa Kiswahili chake kifupi, kwa sauti iliyofika mpaka kwa ng'ombe.

"Mwulize huyu. Ndiye mpishi."

Nikasimama, nikavuta suruali juu, na nikaanza kutaja rafu kwa rafu, kopo kwa kopo, kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga, na safari hii nilikuwa najua.